Petro Aliombwa Miguu Tu

Kilburn, London
12 Mei 2025

Angel,

Hivi wewe mtoto umerogwa? Salamu nitakupa nikimaliza kugomba, maana nikianza na salamu nitapoa, na sitaki kupoa. Leo asubuhi mama yako amesimama na kikombe chake cha chai, kama mtu anayetangaza hali ya hewa, akaniambia, "Mama, Angel ameomba ruhusa atoke unovisi aje kukuuguza." Miezi mitatu kabla ya nadhiri za utawa! Umeniombea ruhusa mimi? Nilikuandikia lini nikasema njoo?

Najua ilivyokuwa. Mama yako Marcelina alimpigia Sista Mlezi, akalia, akamwaga yote. Nimemzaa mimi huyo, mdomo wake hauna kifuniko.

Haya, salamu sasa. Tumsifu Yesu Kristo. Hujambo mke mwenzangu? Kifua chako hakikusumbui na baridi ya Songea? Huku jua linatoka kidogo kama linaomba radhi, kisha linarudi ndani. Na wewe Sista Mlezi, hujambo? Najua unaisoma barua hii kwanza, maana Marcelina anaipiga picha na kuituma kwenye simu yako. Wanovisi hawaruhusiwi simu, na hilo nakuunga mkono. Salamu zangu zipokee, kisha ondoa macho. Yanayofuata ni ya mjukuu wangu.

Angel, ndiyo, ninaumwa. Januari walinipasua, wakakata kipande kibovu cha utumbo, wakanibandika mfuko tumboni, choo kinatokea humo. Umeshajua. Basi. Watu wengi wana mifuko.

Wameniletea msichana wa kuniogesha, anaitwa Noëlla, Mkongo wa Bukavu. Anakuja kila asubuhi kwa basi, ananiita Koko, ati kwao ndiyo bibi. Kiswahili chake! Kila kitu kwake ni "iko". Chai iko, mvua iko, Mungu naye iko. Nampokea, nampa chai, kisha naingia bafuni peke yangu naweka komeo. Anakaa hapo nje ya mlango mpaka muda wake unaisha, anaandika kwenye simu yake kwamba nimekataa huduma. Aandike. Mwili huu aliuona babu yako peke yake, naye taa ikiwa imezimwa. Sista, nilikwambia uondoe macho.

Padri Alexis naye alikuja na mafuta yake ya kuwapaka wagonjwa. Nikamjibu kwenye kile kidude cha ukutani cha kuongea na mlango wa chini. Nikamwambia, Padri, Mpako ni wa watu wanaokufa, wapelekee wao, mimi nina magoti tu. Jumuiya pia nimewaambia ni magoti. Mimi ndiye mwenyekiti wa Jumuiya ya Mtakatifu Monika hapa Kilburn, mimi ndiye huwa naenda kwa wagonjwa. Leo waje wao wanikodolee macho mimi?

Kaa huko. Maliza ulichoanza. Nikisikia tena habari ya kutoka, nitapanda ndege na mfuko wangu nije nikuchape mbele ya masista.

Ni mimi,
Bibi yako


Nyumba ya Unovisi, Songea
19 Mei 2025

Bibi yangu mpendwa,

Milele amina. Shikamoo. Nimeipokea barua yako, na fimbo zake zote nimezihesabu. Mimi sijambo, kifua kimetulia, tunavuna maharage. Sista Mlezi alicheka mpaka akavua miwani, kisha akaniambia hakuisoma.

Mke mwenza, sasa nisikilize na mimi. Sitoki kwa sababu nimechoka. Naupenda utawa kuliko siku niliyoingia. Lakini kuna jambo hukuliandika. Mama alisema Alhamisi moja ulianguka bafuni, mlango umewekwa komeo, ukakaa chini kwenye maji ya baridi mpaka yeye alipotoka shifti, na ikabidi yule jirani yenu Pravin aje na nyundo. Kisha ulipopata nguvu, neno la kwanza ulilosema ni kwamba Pravin ageuke aangalie ukutani. Bibi! Mtu kakuokoa!

Na najua hukumaliza wiki bila komeo jipya. Umemwagiza nani alinunue?

Hapa kazi yangu ni kwa masista wazee. Yupo Sista Célestine, alikuwa mwalimu mkuu, wasichana walikuwa wakisikia viatu vyake wanaacha kupumua. Sasa ni mimi ninayemvalisha nepi. Mwanzoni alinizaba kofi, kweli kabisa, mkono bado una nguvu. Nikarudi kesho yake na beseni lilelile. Akaniangalia weee, kisha akasema, "Anza na mgongo. Mgongo hauna haya." Tangu siku hiyo tunaanza na mgongo, na tukifika kwingine anaanza kunisahihisha Kiingereza ili asifikirie. Bibi, sijaona mtu ninayemheshimu kuliko yule mama.

Petro naye alikataa kuoshwa miguu na Yesu. Ni wewe uliyenifundisha, kila Alhamisi Kuu, nikiwa nimekaa kwenye kigoda kule Mbinga, unanisugua visigino kwa jiwe kabla ya kwenda kanisani.

Wewe hutaki kuoshwa na mgeni. Mimi si mgeni. Mama alipoondoka kwenda Ulaya uliniosha wewe, uliniuguza surua, hakuna kitu changu ambacho hukukisafisha. Mimi utanifungulia. Ndiyo maana nataka kuja.

Sista Mlezi amenipa muda mpaka mwisho wa Juni. Nikitoka kabla ya nadhiri, si lazima wanipokee tena, ameniambia wazi. Basi tupatane. Nipe neno lako kwamba umemfungulia Noëlla, nami nitabaki, nitaweka nadhiri tarehe kumi na tano Agosti, sikukuu ya Kupalizwa Bikira Maria. Usiponipa, nakuja. Na usinidanganye, nitamuuliza Mama.

Nakupenda kuliko ugomvi wako,
Mjukuu wako, Angel


Kilburn
1 Juni 2025

Angel,

Kumbe mtoto akivaa shela nyeupe anapata na ujasiri wa kumwekea bibi yake masharti. Tumsifu Yesu Kristo hivyo hivyo. Ninaendelea, chakula kinapita, usingizi kidogo. Sista Célestine mpe shikamoo yangu, umwambie kofi lile alikosea, angepiga mawili.

Na usinitajie Petro. Petro aliombwa miguu tu. Mimi wanataka tumbo.

Umeandika kana kwamba mimi nina haya ya msichana wa kipaimara. Basi nikwambie kilichonipata, uelewe, kisha tusirudie tena. Mama yako hajui, alikuwa shifti, na wadogo zako wa huku niliwakataza kusema.

Siku ya Pasaka nilikwenda Misa, nimevaa kitenge kile cha zambarau, nimekaa benchi la tatu kama kawaida yangu. Padri yupo kwenye mahubiri, kanisa zima limetulia, mfuko ukaanza kuunguruma. Ukaunguruma kama mbwa aliyekanyagwa. Nikabana mkono juu yake. Kwa kubana, ukabanduka. Angel, nilisikia joto linashuka mpaka kwenye paja. Harufu ikatoka. Mama mmoja Mwairishi aliyekuwa kando yangu akasogea kidogo, akasogea tena. Mtoto wa benchi la mbele akageuka, akashika pua, akamuuliza baba yake kwa sauti kitu cha Kiingereza ambacho sikuhitaji kutafsiriwa. Watoto wa mama yako wakanong'ona kwamba twende. Nikatoka katikati ya kanisa, mimi, ninayewapangia watu wa kusoma masomo, natembea huku nimebana kitenge. Kwenye basi sikukaa. Nilisimama kule nyuma kwa mlango, kila likisimama nikawa namwomba Mungu asipande mtu.

Tangu Pasaka sijapokea Komunyo. Unafikiri ni magoti? Na unafikiri sina hamu nayo? Jumapili, kengele ya Misa ikilia huko kwenye televisheni, nageukia dirishani.

Sasa mtu anayenuka hivyo anamfungulia nani? Hata wewe sitakufungulia. Ukija utakaa nje ya mlango pamoja na Noëlla, mtakuwa wawili, mnywe chai yangu. Utakuwa umepoteza utawa wako bure.

Barua hii sikutaka Marcelina aipige picha. Ameipiga Noëlla. Nimemwambia asisome, akasema, "Koko, mwandiko yako, hata malaika hawezi kuisoma." Nikamwambia wewe na hicho Kiswahili chako nyamaza. Akacheka. Ana meno mazuri yule mtoto.

Kaa huko. Neno langu ni hilo.

Bibi yako


Songea
9 Juni 2025

Bibi mpendwa,

Tumsifu Yesu Kristo. Shikamoo. Unaendeleaje? Nimesoma ya Pasaka. Nilitoka nikaenda bustanini nikapalilia mstari ambao ulikuwa umeshapaliliwa. Sina la kukufundisha. Nataka tu ujue kwamba nimeisoma, na bado natamani kukaa benchi la tatu kando yako, upande huo huo aliosogea yule mama.

Nijibu, hata ukinigombeza.

Mjukuu wako


Songea
26 Juni 2025

Bibi,

Shikamoo. Sijui nianzeje salamu, maana sijui uko wapi. Nimekuandikia, kimya. Mama akipigiwa na Sista Mlezi anasema, "Yupo, anapumzika," na sauti yake siijui. Noëlla naye ametumiwa ujumbe, hajajibu.

Jumatatu ni mwisho wa Juni. Nimemwambia Sista Mlezi kwamba usiponijibu kabla ya hapo, nitachukulia kuwa umejibu, na nitatoka. Nguo zangu za nyumbani nimezifua. Sketi ya bluu hainitoshi tena, nimenenepa kwa maharage. Masista wananipisha njia nikipita.

Bibi, sema kitu.

Angel


Kilburn
29 Juni 2025, sikukuu ya Petro na Paulo

Mjukuu wangu Angel,

Tumsifu Yesu Kristo. Mimi nipo. Nilikuwa hospitali, homa ilinikamata siku chache baada ya barua yangu. Nilimkataza Marcelina asiseme, kwa hiyo usimlaumu, safari hii kifuniko alikiweka. Nimerudi nyumbani Jumatatu. Barua yako ya mwisho nimesomewa leo, na nimeshika kalamu hapo hapo, mwandiko utauvumilia.

Kwanza habari mbaya, maana hazipendi kusubiri. Daktari ni kijana mdogo, Mhindi wa Kenton, hapa hapa London, baba yake alizaliwa Dar es Salaam, ananisalimia shikamoo kwa ile lafudhi yao ya dukani. Aliongea na mama yako muda mrefu. Marcelina akanigeukia akasema, "Mama, anasema upumzike." Nikamwambia, "Huyu amesema maneno kikapu kizima, wewe unanipa moja. Nipe yote." Akanipa. Ugonjwa umefika kwenye ini. Hawanikati tena. Watanipa dawa ya maumivu nikae nyumbani. Majani yakianza kupukutika huku, pengine sitakuwepo kuyaona.

Nililia usiku mmoja. Sitakudanganya kwamba nilikuwa shujaa. Nilimwambia Mungu, hata hukuningoja nimwone mjukuu wangu anavaa pete yako. Nilimsema vizuri tu. Kisha nikachoka, nikalala.

Sasa ya Noëlla. Hospitali manesi waliniosha, lakini hiyo sihesabu. Kule huombwi ruhusa, unageuzwa tu, nilifumba macho nikawa kama gunia. Jumanne asubuhi Noëlla akaja. Akaingia, akavua koti, akakaa pale pale nje ya mlango bila kuambiwa, akatoa simu yake aandike. Mimi nipo ndani, nimekaa kwenye kile kiti cha plastiki, komeo sijaweka. Nikakaa. Mkono wenyewe ulikuwa unaenda kwenye komeo. Nikamwita.

"Noëlla."

"Koko."

"Mlango uko wazi."

Akasema, "Koko, niingie ao unanijaribu?"

"Ingia kabla sijabadili nia. Na unaanza na mgongo."

Akaingia. Maji aliyapima kwa kiwiko, kama unavyompimia mtoto. Akanisugua mgongo, akasema, "Koko, mgongo yako iko ya msichana." Nikamwambia, mwongo mkubwa wewe. Akasema, "Kweli, iko ya msichana mwenye kubeba kahawa." Nikacheka, na nikicheka tumbo linauma, nikamkataza asinichekeshe, akaniahidi, akanichekesha tena.

Halafu mfuko. Nikaangalia vigae vya ukuta. Nikasema, unanuka. Akasema, "Mama yangu nilimuosha ku kambi, Koko, na haikukuwa maji. Hapa maji iko. Usiogope." Akaubandua, akasafisha pale kwenye nyama, taratibu, akapaka dawa, akabandika mwingine, huku anaimba Salamu Maria kwa lugha yao, sauti mbaya sijapata kusikia. Nilidhani nitakufa kwa aibu. Sikufa. Ilikuwa ni maji ya moto tu na msichana anaimba vibaya.

Angel, nimeosha wagonjwa wengi Mbinga. Nilikuwa nikitoka nyumbani kwa mgonjwa natembea kifua mbele, najiona nimefanya kazi ya Mungu. Sikujua kwamba aliyefanya kazi kubwa ni yule aliyelala. Sasa nimeijua. Ni kazi ngumu kuliko kuchimba.

Nilipoanza sikutaka kusimama katikati. Jana Jumamosi jumuiya ilikuwa na zamu ya kusali kwa mtu mwingine, nikampigia katibu nikamwambia njooni kwangu. Wakajaa sebuleni, wengine wamekaa chini, watoto wameambiwa wazime michezo yao. Nikasema, mimi mwenyekiti wenu nimewadanganya, si magoti. Nina kansa, inaniua, na nina mfuko hapa, wakati mwingine unanuka. Anayeona vigumu, mlango ule pale, sitamkasirikia. Nikawa nasubiri nani atasogea.

Yupo mama Mkenya, Serah, ana duka la nywele huku barabarani. Akaniangalia kwa hasira kabisa. "Mwenyekiti," akasema, "mume wangu aliishi na huo mfuko mpaka akafa. Kuna matone, unadondosha ndani, harufu inakatika. Nimeyaweka kabatini mpaka leo. Mbona hukusema?" Akainuka, akaenda kwake na viatu vya ndani, akarudi nayo.

Tangu Pasaka, Angel! Matone yapo kabatini kwa Serah, mtaa wa pili! Nimenuka kwa kiburi tu.

Padri Alexis alikuwepo, tulimwita. Nikamwambia mbele ya wote, Padri, nilikufukuza. Akasema, "Ndiyo, na mvua ilikuwa inanyesha." Akaeleza kwamba Mpako si wa mtu anayekufa peke yake, ni wa kumtia mgonjwa nguvu, watu wetu wanaukimbia kwa kuuogopa. Nikamwambia, ungesema hayo kwenye kidude cha ukutani. Akasema, "Nilisema, mama. Ulikuwa umeshakikata." Chumba kizima kikacheka, mimi pia. Kisha akanipaka mafuta kwenye paji la uso, akanipaka kwenye viganja. Nikapokea Komunyo. Sitaandika nilivyojisikia, kalamu hii haitoshi na Sista Mlezi anasoma.

Basi, sharti lako nimelitimiza. Muulize mama yako, muulize Noëlla, ndiye anayepiga picha hii na ndiye atakayeniogesha kesho.

Najua utakachosema. Utasema, lakini Bibi unakufa, nije nikuage. Nami nitakwambia ukweli, kwa sababu aliyeshavuliwa nguo hana sababu ya kuficha. Nataka uje. Nakutaka mpaka mikono inaniuma. Ikifika saa za jioni nasikia lifti, najua si wewe, bado naangalia mlango. Ningesema njoo, ungekuja, na ningefurahi wiki nane, pengine kumi. Halafu mimi ningekwenda, wewe ungebaki Kilburn na sketi isiyokutosha na mlango wa unovisi uliofungwa. Mimi sina sadaka nyingine. Kahawa niliuza, shamba niligawa, nguvu zimekwisha. Ninacho hiki kimoja, hamu ya kukuona, na hicho ndicho nampa Mungu. Usije kuninyang'anya mkononi.

Nitazikwa huku, makaburi ya Wakatoliki ya Kensal Green, si mbali, basi linapita. Nimeshamwambia Marcelina. Sitaki watu wachangishane kunisafirisha kwenye sanduku. Wa nyumbani wakija juu, wewe ndiye utawajibu, kwa sababu wewe ulimi wangu umeurithi.

Habari ikikufikia, utalia, nimekuruhusu. Ikiwa ni kabla ya nadhiri, nadhiri usizisogeze hata siku moja. Utasema jina lako kwa sauti, kanisa zima lisikie, usiongee kwa kunong'ona kama wale wasichana wa siku hizi.

Leo ni Jumapili, kesho ndiyo mwisho wa Juni. Sista Mlezi, safari hii usiondoe macho, soma na hili. Angel akimaliza kusoma, mfungulie ofisi.

Angel, kunja hii, inuka, nenda kwa Sista Mlezi umwambie kwa mdomo wako kwamba unabaki. Nenda sasa hivi, usipite kwanza bustanini.

Bibi yako